Kerneli Ikinyimwa Kumbukumbu: Mfumo wa Faili Ushindwe Vipi Bila Kuharibu Data

Chukua kisanduku kidogo cha Linux chenye RAM ya MB 512, kadi ya SD na modemu ya simu, kilichofungwa ukutani kwenye ghala la dagaa Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Kazi yake ni kupokea uzito kutoka kwenye mizani, kuuandika kwenye hifadhidata, na kutuma nakala mtandao unapopatikana. Siku za mbalamwezi kinakaa bure, kwa sababu mitumbwi ya taa haitoki. Siku za giza mambo ni mengine. Mitumbwi ikirudi alfajiri mizani yote inafanya kazi kwa wakati mmoja, hifadhidata inavimba, kache ya faili inameza RAM iliyobaki, na fanksheni fulani ndani ya kerneli (kiini cha mfumo endeshi, ndicho kinachogawa kumbukumbu) inaomba baiti 200, inaambiwa hakuna.

Programu ya kawaida ikinyimwa inaweza kufa, na kerneli itafagia nyuma yake: itafunga faili, itarudisha kurasa, itaachia makufuli. Mfumo wa faili hauna wa kuufagilia. Ukianguka katikati ya kuongeza jina kwenye saraka, kinachobaki ni jina lisilo na inodi (rekodi inayoeleza faili na mahali data yake ilipo), au bloku iliyohesabiwa kuwa imetumika ilhali hakuna faili inayoimiliki.

Wengi hudhani kazi yote ni kuangalia kama kmalloc, fanksheni ya kerneli ya kuomba kumbukumbu, imerudisha NULL (pointa tupu). Hiyo ndiyo sehemu rahisi. Swali linaloamua kama data itapona ni hili: wakati unanyimwa, ulikuwa umeshagusa nini?

Kwa nini kosa hili linajificha

Ukiomba kumbukumbu kwa GFP_KERNEL, alama ya ombi la kawaida, kerneli haikimbilii kukataa. Inaweza kumlaza mwombaji, kutupa kurasa safi za kache, kuziandika diskini zile chafu (zenye mabadiliko ambayo hayajafika diskini), na kuondoa inodi zisizotumika. Ikishindikana kabisa inamwita muuaji wa OOM (out of memory, kumbukumbu kuisha), anayechagua mchakato mmoja na kuuondoa kwa nguvu. Kwa maombi madogo, yasiyozidi kurasa 8 mfululizo, yaani KB 32 pale ukurasa unapokuwa KB 4, kigawaji cha Linux kinazunguka hivyo bila kukata tamaa. Hakuna hati inayoahidi hilo. Ni tabia tu iliyozoeleka, na watu wakaandika msimbo wao juu yake.

Mwishoni mwa 2014 tabia hiyo ilizua mjadala mrefu kati ya wasimamizi wa kumbukumbu na wa mifumo ya faili, baada ya mashine zenye mfumo wa faili wa XFS kuonekana zikiganda. Mkwamo wenyewe ulikuwa hivi. Mchakato A umeshika kufuli ndani ya mfumo wa faili, unaomba kumbukumbu, na kigawaji kinazunguka. Muuaji wa OOM anachagua mchakato B. B hauwezi kufa kwa sababu unasubiri kufuli lilelile lililoshikwa na A, na A unasubiri kumbukumbu itakayotoka B ukishakufa. Toleo la 4.6, mwaka 2016, lilileta oom_reaper, uzi wa kerneli unaomnyang'anya aliyechaguliwa kurasa zake bila kusubiri atoke mwenyewe. Ilisaidia sana, lakini haikufuta kiini cha tatizo.

Kiini hicho ni kwamba kama maombi madogo karibu hayashindwi, basi njia zinazoshughulikia ENOMEM (hitilafu ya kunyimwa kumbukumbu) hazipitiwi kamwe. Zimeandikwa, zimekaguliwa kwa macho, zimeingia, na hazijawahi kuendeshwa hata mara moja. Kisha siku moja zinaendeshwa, kwa sababu zipo hali ambazo ombi dogo hushindwa kweli: mwombaji mwenyewe ndiye aliyechaguliwa kuuawa, au yumo ndani ya kontena lililofikia kikomo chake huku mashine ina nafasi tele, au ombi limetumwa kwa GFP_ATOMIC ambayo hairuhusu kulala. Maombi yanayozidi kurasa 8 ndiyo kabisa, hayo hushindwa hata kwenye mashine kubwa, maana kurasa zikishatawanyika, kupata nyingi zilizopangana ni bahati.

Kufuli linalojisubiri lenyewe

Kabla ya kufika kwenye kushindwa, kuna hatari ya kuganda wakati wa kuomba tu. Tuseme umeanza muamala (mabadiliko yanayofanyika yote au yasifanyike kabisa) kwenye daftari la miamala la mfumo wako wa faili, kisha ukaomba kumbukumbu kwa GFP_KERNEL. Kerneli inaanza kukomboa, yaani kutwaa kumbukumbu inayoweza kuachiwa. Inakuta inodi za mfumo wako huohuo, inaita fanksheni yako ya kuziondoa, na fanksheni hiyo inataka kuanza muamala wake. Daftari limejaa, linasubiri miamala iliyo wazi ifungwe. Ulioufungua wewe ni mmojawapo, na wewe uko chini kabisa ya mlolongo huohuo, unasubiri kumbukumbu.

Dawa yake ni GFP_NOFS, inayosema: komboa, lakini usirudi ndani ya mfumo wa faili. GFP_NOIO ni kali zaidi, inakataza kuandika diskini kwa namna yoyote, na mahali pake ni kwenye tabaka la bloku na draiva za diski.

Dawa hii ina bei, na ndiyo maana kuimwaga kila mahali ni kosa. Ombi la GFP_NOFS linakomboa kwa mkono mmoja, kwa sababu sehemu kubwa ya kumbukumbu inayoweza kukombolewa ipo hukohuko ilikokatazwa kuingia. Tena kwa ombi la aina hiyo, RAM ya mashine nzima ikiisha, muuaji wa OOM hamchukui mtu. Ombi linazunguka tu, likitumaini kwamba mwingine atakomboa.

Tangu toleo la 4.12, mwaka 2017, kuna njia safi zaidi. Pale unapoanza eneo la hatari unaita memalloc_nofs_save, na unapotoka unaita memalloc_nofs_restore kwa thamani uliyorudishiwa. Katikati, kila ombi la mchakato huo linachukuliwa kama NOFS, hata lililofanywa na maktaba ya kubana data isiyojua lolote kuhusu daftari lako. Alama hiyo inakaa kwenye mchakato. Ukiikabidhi kazi kwenye foleni ya workqueue, itaendeshwa na mchakato mwingine usio na alama hiyo, na mkwamo unarudi kwa mlango wa nyuma. Washa lockdep, kikaguzi cha makufuli cha kerneli, kwa CONFIG_PROVE_LOCKING. Inajua njia ya ukombozi na italalamika kabla mashine haijaganda.

Mstari usiovukwa bila mzigo

Mtumbwi wa dagaa hununua mafuta ufukweni. Ukishafika maji ya kisiwa cha Ukara, hakuna kituo. Muamala ni vivyo hivyo: kila kitu utakachohitaji kiombwe kabla hujagusa chochote kinachoonekana na wengine. Hapo ukinyimwa, unarudisha ENOMEM, mkdir (amri ya kuunda saraka) inashindwa, mtumiaji anaona ujumbe, na diski iko kama ilivyokuwa.

```
static int ongeza_jina(struct saraka *s, const char *jina)
{
        struct ingizo *ing;
        struct bafa *b;
        int err;

        ing = kmalloc(sizeof(*ing), GFP_KERNEL);
        if (!ing)
                return -ENOMEM;

        b = bafa_mpya(s);
        if (IS_ERR(b)) {
                err = PTR_ERR(b);
                goto achia_ingizo;
        }

        err = anza_muamala(s);
        if (err)
                goto achia_bafa;

        /* chini ya mstari huu hakuna kuomba kumbukumbu */
        jaza_na_unganisha(s, ing, b, jina);
        maliza_muamala(s);
        return 0;

achia_bafa:
        bafa_achia(b);
achia_ingizo:
        kfree(ing);
        return err;
}
```

Angalia kwamba maombi yote mawili yako juu ya anza_muamala. Kwa kuwa muamala haujaanza, GFP_KERNEL inaruhusiwa, na kerneli ina uhuru wote wa kukukombolea. Kupanga upya maombi kumeondoa hatari mbili kwa pamoja: kushindwa katikati, na kulazimika kutumia NOFS.

Lebo za mwisho ziko kinyume na mpangilio wa kuomba: kilichoombwa mwisho kinaachiwa kwanza. Makosa yanayojirudia hapa ni machache na yanafahamika. La kwanza ni kusahau kujaza err kabla ya goto. Kama err bado ni 0 kutoka hatua iliyotangulia, fanksheni inarudisha mafanikio ilhali haijafanya kitu, na aliyeiita anaendelea na pointa ya hewa. La pili ni kurukia lebo isiyo yake, ukaachia kitu ambacho hukukiomba. La tatu linawapata hata wazoefu: kfree ya NULL haina madhara, lakini kfree ya pointa iliyobeba namba ya hitilafu inaangusha mashine. Fanksheni moja inarudisha NULL, jirani yake inarudisha ERR_PTR (ndiyo hiyo pointa yenye namba ya hitilafu), na ukizichanganya if yako inapita huku ikitazama upande usio wake.

Miundo ya miti ina msaada wake. xa_reserve hutenga nafasi ya ingizo kwenye XArray, muundo wa mti wa kerneli, mapema, ili ile xa_store ya baadaye, ukiwa umeshika kufuli, isihitaji kuomba.

Pale ambapo huwezi kuomba mapema

Kuna nyakati hujui utahitaji kiasi gani mpaka umeshaingia. Kupasua nodi ya mti wa B kunaweza kupanda ngazi moja au zote. Kuandika kurasa chafu diskini ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu unaomba kumbukumbu ili uweze kuachia kumbukumbu.

Kwa uandishi, jibu ni mempool: akiba ndogo inayotengwa mapema, isiyoguswa mpaka njia ya kawaida ishindwe. Ukiita mempool_alloc kwa alama zinazoruhusu kulala, haishindwi. Inasubiri mwenzako arudishe kipande. Akiba ya bio (bio ni ombi moja la kusoma au kuandika diskini) inayotumiwa kwa pamoja na mifumo ya faili ina vipande 2 tu, na vinatosha, kwa sharti moja: usichukue cha pili kabla hujatuma cha kwanza. Ukishika viwili mkononi na mwenzako anasubiri vilevile, hakuna atakayerudisha.

Sharti hilo linaonekana vizuri kwenye ext4, mfumo wa faili uliozoeleka kwenye Linux, ikiwa na usimbaji wa faili. Kila ukurasa unaoandikwa unahitaji ukurasa mwingine wa muda wa kuwekea maandishi yaliyosimbwa, na akiba yake kwa kawaida ni kurasa 32. Ombi likishindwa, ext4 inaangalia kama ina bio iliyokusanywa lakini bado haijatumwa. Kama ipo, inaituma kwanza, maana hiyo ndiyo inayoshikilia kurasa za akiba, kisha inasubiri kidogo na kujaribu tena. Kama haipo, na uandishi wenyewe unasubiriwa ukamilike, ndipo inapoongeza __GFP_NOFAIL. Mpangilio huo una maana: ukianza na kulazimisha huku umeshikilia akiba, unaweza kujisubiri mwenyewe.

__GFP_NOFAIL ndiyo njia ya pili. Inasema ombi hili halina kushindwa, zunguka mpaka lipatikane. Ilichukiwa kwa muda mrefu, na kwa sehemu chuki hiyo ilikuwa na haki, lakini badala yake watu waliandika vitanzi vyao vya while visivyo na mwisho. Hivyo ni vibaya zaidi. Kigawaji hakijui kwamba mwombaji hana pa kwenda, ilhali kikiona alama yenyewe kinaweza kumruhusu aguse akiba ya kerneli. jbd2, daftari la ext4, inaitumia mahali ambapo kushindwa kungemaanisha kuvunja daftari zima. Masharti yake: ombi liwe dogo, ikiwezekana ukurasa mmoja, mwombaji awe mahali anaporuhusiwa kulala, na asiwe ameshika kufuli ambalo wakombozi wanalihitaji.

Njia ya tatu ni kukubali kwamba umeshindwa na kufunga mlango. Kwenye XFS, ukiufuta muamala ambao tayari umebadilisha kitu, mfumo mzima unazimwa palepale. Maombi yanayofuata yanapata EIO (hitilafu ya kusoma au kuandika). ext4 inavunja daftari na, ikipangwa hivyo, inakuwa ya kusoma tu. Inaonekana ni ukatili, lakini kilichoko diskini bado ni kile cha muamala wa mwisho uliokamilika, na ukipachika upya daftari linarudiwa.

Isiyo njia ni BUG_ON. Mfumo wa faili wa Btrfs uliibeba kwa miaka mingi mahali pengi pa kupokea ENOMEM, na kuiondoa kumekuwa kazi ya polepole. BUG_ON inaua mchakato uliopo bila kuachia makufuli yake. Kuanzia hapo kila anayegusa saraka ile anaganda, sync haimaliziki, na kisanduku cha ukutani kinaonekana kinafanya kazi wakati hakiandiki kitu.

Kisha kuna fanksheni zisizo na pa kurudishia hitilafu. evict_inode, inayoondoa inodi kwenye kumbukumbu, inarudisha void, yaani hairudishi kitu. Ikishindwa kuanza muamala wa kufuta bloku za faili iliyokwisha kuondolewa, itamwambia nani? ext4 ina jibu zuri: inodi hiyo iliandikwa kwenye orodha ya mayatima diskini kabla ya kazi kuanza. Kazi ikikwama inabaki huko, na upachikaji unaofuata unaimalizia. Ukibuni mfumo wako, anza na fanksheni za void. Ndizo zitakazokulazimisha kuwa na orodha kama hiyo.

Kuhusu kurasa chafu, ENOMEM wakati wa kuandika ni hali ya kupita. Ukurasa urudishwe kuwa mchafu kwa folio_redirty_for_writepage, ujaribiwe tena baadaye. Ukiutia alama ya hitilafu na kuuhesabu msafi, umeitupa data. Mwaka 2018 watu wa hifadhidata ya PostgreSQL waligundua upande wa pili wa jambo hili: fsync (wito wa kuhakikisha data imefika diskini) ilirudisha hitilafu mara moja, kurasa zikahesabiwa safi, na fsync iliyofuata ikasema yote sawa. Programu inayorudia fsync baada ya kushindwa haijarudia kuandika.

Kuzilazimisha njia hizi ziendeshwe

Jenga kerneli yenye CONFIG_FAULT_INJECTION, CONFIG_FAULT_INJECTION_DEBUG_FS, CONFIG_FAILSLAB, CONFIG_FAIL_PAGE_ALLOC, CONFIG_DEBUG_KMEMLEAK na CONFIG_KASAN, uiwashe ndani ya mashine pepe ya QEMU. Usifanye hivi kwenye mashine yenye data ya mtu.

```
mount -t debugfs none /sys/kernel/debug
cd /sys/kernel/debug/failslab
echo Y  > task-filter
echo N  > ignore-gfp-wait
echo 10 > probability
echo 1  > interval
echo -1 > times
bash -c 'echo 1 > /proc/self/make-it-fail; exec mkdir /mnt/jaribio/kirumba'
```

Mstari wa ignore-gfp-wait ndio unaosahaulika. Usipoandika N, maombi yanayoruhusiwa kulala hayaguswi, na hayo ndiyo karibu yote ya mfumo wa faili. Utapata jaribio la kijani lisilojaribu chochote. Kwa probability ya 10, takriban ombi moja kati ya kumi linakataliwa, hivyo usishangae mkdir yenyewe ikishindwa kuanza. Maombi yenye __GFP_NOFAIL hayakataliwi.

Bahati nasibu inakuta makosa ya juujuu. Kwa kupita njia zote kwa mpangilio, tumia /proc/thread-self/fail-nth. Programu yako inaandika 1, inaita mkdir, kisha inasoma faili hilo. Likisoma 0, ombi la kwanza lilikataliwa. Andika 2, urudie. Ukisoma namba kubwa kuliko sifuri, maombi yameisha kabla ya kufika huko: umepita yote. Andika 0 kuzima.

Baada ya kila mzunguko, mkdir iwe ama imefanikiwa au imerudisha ENOMEM, na ikirudisha ENOMEM saraka isiwepo. Fanya umount. Kerneli ikilalamika kuhusu inodi zilizobaki zinatumika, kuna njia ya hitilafu iliyosahau iput, yaani kuachia inodi. Kisha kagua mfumo wa faili kwa e2fsck -fn kama ni ext4, halafu andika scan kwenye /sys/kernel/debug/kmemleak na usome kilichomo: ndiyo kumbukumbu iliyoombwa ikasahaulika kuachiwa.

Kwa anayekitunza kisanduku tu

Asiyeandika kerneli atakutana na haya kwenye dmesg (amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli), kwenye mstari wa "page allocation failure" wenye neno order. Hiyo order ni kipeo cha 2: order:0 ni ukurasa mmoja, order:4 ni kurasa 16, KB 64. Order:0 yenye GFP_ATOMIC kutoka draiva ya mtandao mara nyingi ni pakiti moja iliyotupwa, na itatumwa tena. Order:4 na kuendelea huashiria kurasa zilizotawanyika. Kuandika 1 kwenye /proc/sys/vm/compact_memory huzisogeza pamoja kwa muda.

Kwenye MB 512 na kadi ya SD ya mwendo wa pole, punguza kurasa chafu zinazoruhusiwa kurundikana. Kawaida ni asilimia 20 ya kumbukumbu inayopatikana, na kadi inachelewa kuzimaliza pale zinapohitajika haraka. Jaribu vm.dirty_background_bytes=4194304 na vm.dirty_bytes=16777216, yaani MB 4 na MB 16. vm.min_free_kbytes, kiasi ambacho kerneli hujitahidi kukiacha huru, inaweza kupandishwa kidogo, ila kila KB unayoiongeza humo inatoka mdomoni mwa hifadhidata, na ukiipandisha mno utamwita muuaji wa OOM wewe mwenyewe.

Kwa ext4, tune2fs -e remount-ro inaufanya mfumo uwe wa kusoma tu ukikuta hitilafu badala ya kuendelea kuandika. Programu ya mizani nayo lazima isome jibu la kila write na kila fsync, na ikipata EROFS (mfumo ni wa kusoma tu) au EIO iwashe taa nyekundu na kukataa kupima, ili karani ajue kwamba magunia ya asubuhi hiyo anapaswa kuyaandika kwa kalamu.